Nukta Yenye Ilivuka Ziwa

Yaya Wenceslas, kaka yangu mukubwa,

Usikasirike barua ikinuka sambaza, vile visamaki vya ziwa. Mama mwenye anauza samaki ku soko ya Kituku ameificha ndani ya kikapu chake. Huku kuku zinataga, na paa ingali inavuja.

Juzi batu wawili wenye bunduki walikuja na ordinatere, kompyuta ya kubeba. Walinionyesha karte, ramani ya mitaa: nukta moja ililala kwetu kila siku tangu volkano, ikavuka ziwa siku ulikimbia vita, sasa inalala Bukavu nyuma ya kanisa. Jina hawana. Waliniuliza ni nani. Nikasema sijui.

Ulitupa SIM ukazani umepotea! Fundi wa simu ameniambia simu yenyewe iko na namba yake ya matangazo, yenye wauzaji wanaijulia, hata ubadilishe SIM mara kumi. Ile aplikasio ya habari za volkano, yenye ulikubalia kila kitu tukikimbia moto, inauza namba ile pamoja na pahali unalala, kwa kila mwenye kulipa.

Usinipigie kusema barua imefika. Itupe simu ziwani leo, usingoje kutoa picha za marehemu mama. Mimi sina hata moja. Itupe tu.

Mudogo wako,
Sidonie