Kahawa ya Kaa la Moto

Jumatatu, 4 Machi

Tumefika salama. Begi langu nalo limefika, ila gurudumu moja limebaki hukohuko angani. Dada alicheka hadi akashika mbavu — mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Basi na la pili lipotee, kama hiyo ndiyo dawa yake.

Chumba chetu cha nyumba ya wageni kinatazamana na lango la hospitali. Vitanda viwili, feni inayolalamika, pazia fupi kuliko dirisha. (Fundi aliyelishona angepita mikononi mwangu!) Dada kauinua mto, kaupeleka puani, kisha kanipa mimi. "Kitinda, unanuka?" Nikanusa. Sabuni tu. Nikamwambia sabuni. Akasema haya.

Ndivyo tunavyoishi tangu vile vinyama viote ndani ya pua yake. Hasikii harufu hata chembe, mimi ndiye pua yake. Mpishi mzima, mwenye mgahawa wake, sufuria inaungua mbele ya macho yake na wateja ndio wanamwambia! Halafu gesi ikavuja, naye kasimama palepale anakatakata vitunguu, hana habari. Ningechelewa kuingia siku ile — sitaki hata kuwaza. Jioni ileile akafunga jiko.

Sasa jirani yetu muuza magodoro anautaka ule mgahawa uwe stoo yake. Dada kamwahidi jibu kabla hatujarudi. Keshokutwa anapasuliwa. Pua ikirudi, jiko linawashwa. Isiporudi, magodoro.

Jumatano, 6 Machi

Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Nimekaa kwenye benchi mpaka nikafa ganzi. Nesi mmoja, miwani yake mikubwa inaning'inia shingoni kwa uzi, kaniambia nikatafute kitu cha kunywa kabla sijamaliza kucha zote. Kaniambia kwa Kiingereza. Changu ni cha kuombea maji tu, lakini habari ya kucha niliielewa! Nimempa jina Nesi Miwani.

Nje ya lango kuna kibanda cha kahawa. Mimi mtu wa chai, kila mtu anajua. Chai hakuna. Mwenye kibanda ni jamaa mnene, mcheshi, aproni imejaa masizi, na koleo halimtoki mkononi. Bwana Koleo, basi. Kanitilia kahawa kwenye glasi, nikanyoosha mkono kupokea — akanizuia. Akageukia jiko la mkaa, akachagua kaa, jekundu hilo, linawaka kweli, akalitumbukiza ndani ya glasi yangu. Chwiiii! Nikaruka nyuma, nikamkanyaga mtu. Nikasema leo nimeingia kwa kichaa, na kwa lugha gani nitapiga kelele?

Kumbe wote pale wanakunywa hivyohivyo, wanapiga soga zao. Kaa linatolewa, mtu anakunywa. Nikafumba macho.

Loo! Nzito, laini, moshi unaupata kwa mbali, koo halikwaruzwi kabisa. Kwa dakika nzima nilisahau kwamba nina dada amelazwa mezani. "Tamu!" nikamwambia. Bwana Koleo akachangamka. Nikakazia, "Tamu tamu!" Basi akavuta kigoda cha pili, akakipangusa kwa aproni, akamimina glasi nyingine, kaa jingine, chwiiii. Nikanywa na hiyo. Ningefanyaje? Huwezi kumkatalia mtu mwenye uso ule.

Kitu kingine: anatupia maganda makavu ya machungwa kwenye jiko lake, nadhani kufukuza mbu. Harufu yake! Ningeweza kuifunga kwenye kitambaa, ningempelekea Dada.

Upasuaji umekwisha vizuri. Kalala, pua imejaa pamba, mdomo wazi. Anakoroma kama baba.

Alhamisi, 7 Machi

Sikulala. Moyo ulikimbia kama cherehani ya umeme. Glasi mbili si mchezo!

Na leo nimerudi tena, mimi huyuhuyu. Nikasema tamu tamu yangu, nikaletewa mbili tena. Ila leo nimeona jambo. Kile kigoda cha pili anakiweka pembeni yangu, kisha anachungulia barabarani. Halafu ananitazama. Halafu barabarani tena. Sijui anatafuta nini.

Nimemsimulia Dada habari ya kaa ndani ya glasi. Haamini. "Kitinda, umeanza kunywa nini huko nje?" Sauti inapita kwenye pamba, utadhani bata anazungumza. Tukacheka sana, mpaka Nesi Miwani akaja kutufokea kwamba mgonjwa akicheka atatoka damu.

Ya maganda ya machungwa sijamwambia, na sitamwambia. Namjua dada yangu. Akijua kuna harufu fulani mahali, atasema anaisikia ili mimi nifurahi.

Jumamosi, 9 Machi

Pamba zimetolewa. Kanusa sabuni. Kanusa spiriti. Kanusa mafuta yangu ya nywele, ambayo shemeji husema yanafukuza hata mbwa. Hamna kitu.

Daktari anasema bado mapema, ndani kumevimba. Harufu inaweza kurudi kidogokidogo, inakuja na kupotea. Inaweza pia isirudi. Dada kamshukuru vizuri sana, kwa heshima zote, kasimama, kafunga khanga. Tulipofika chumbani akaniambia nimpigie simu muuza magodoro. Nikasema simu imeisha chaji.

Haijaisha.

Jumanne, 12 Machi

Aibu! Aibu gani hii!

Nesi Miwani alikuwa kibandani leo, mapumziko yake. Nikaketi, nikapokea glasi yangu, nikasema tamu tamu. Nesi kapaliwa! Kahawa ikamtoka puani. Nikampiga mgongoni, yeye anacheka, analia, anafuta miwani. Alipopata pumzi akaniuliza kwa nini kila siku namtangazia mwenye kibanda wageni.

Wageni gani?

Basi kwao, hilo neno "tamu" maana yake ni mgeni! Ukilitaja mara mbili, ni wageni. Mungu wangu. Mimi nasifia kahawa, mwenzangu anaambiwa wageni wako njiani. Ndiyo maana ya kigoda! Ndiyo maana ya kuchungulia barabarani! Tangu Jumatano ile nakunywa kahawa ya mtu ambaye hajafika.

Nesi akamweleza. Bwana Koleo alicheka mpaka akaweka koleo chini — sijawahi kuliona chini. Kisha akauliza kitu. Nesi akanitafsiria: kwa hiyo mgeni hayupo?

Nikasema yupo. Nikamwonyesha dirisha letu ng'ambo ya barabara, lenye pazia fupi. Nikamwambia Nesi amwambie kwamba yule ni mpishi hodari kuliko wote mtaani kwetu, ila pua imemsusa. Bwana Koleo akatazama dirisha muda kidogo. Akasema basi kigoda kikae hapohapo.

Nikalia. Nikamwambia Nesi ni moshi.

Dada hatoki. Kalala kageukia ukutani. Anasema ninunue zawadi za watoto, tumalize kliniki ya Ijumaa, turudi nyumbani. Nimemkasirikia. Nimempigia kelele kabisa: jiko ni lako, pua ni yako, na kukata tamaa ni kwako peke yako, mimi simo! Kajifunika shuka. Baadaye kaniuliza, taratibu, kama nimekula.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika hapahapa kibandani. Doa hilo juu ni la kahawa.

Kliniki imekwisha. Uvimbe umepungua, daktari karidhika, Jumapili tunaondoka. Pua? Kapewa chupa ya spiriti anuse. Hamna. Muuza magodoro anataka jibu lake leo jioni; safari hii Dada kampigia mwenyewe, wakapatana bwana huyo apige tena kuchukua jibu; hakunisubiri mimi na chaji yangu.

Tulipotoka nikamshika mkono nikamleta huku. Alibisha. Nikamwambia mguu unaniuma, lazima nikae. Akakaa kwenye kigoda cha pili, mgongo kaupa jiko, skafu puani, kanuna.

Bwana Koleo alipomwona akafungua mikono yote miwili. "Tamu!" Barabara nzima ikageuka.

Dada akaniinamia. "Hatujaonja hata, ameshajisifu?"

Nikaangua kicheko.

Kahawa ikaja. Kaa — chwiiii! Dada kashtuka, skafu ikadondoka. Kisha ule upishi wake ukamwamsha: akaisogeza glasi karibu, akalichungulia lile kaa linavyozimika, akataka kujua ni mkaa wa mti gani, na kwa nini hauachi majivu. Nikafurahi kumwona hivyo tu. Akanywa. Akanywa tena. "Uchungu nausikia," akasema. "Sukari naisikia. Basi." Akaiweka glasi chini.

Nami nikachukua kalamu. Nikifungua mdomo nitasema ambacho sikutakiwa kusema.

Bwana Koleo katupia maganda jikoni. Sasa hivi. Dada hakuona, yuko upande huu. Ananieleza habari ya pasipoti zetu, kwamba nisizichanganye na zawadi kama kawaida yangu, na begi langu bovu nilifunge kamba, na tukifika nikamsaidie kutoa meza zote ili yule bwana aingize magodoro yake—

Kainua kidevu.

"Kitinda."

"Abee."

"Nani anamenya chungwa?"

Naandika mbiombio, hii herufi sijui kama nitaisoma baadaye. Nimemwambia hakuna anayemenya chungwa. Ni kweli! Hakuna chungwa hapa!

"Si kumenya. Linaungua." Kasimama kabisa, kama alivyokuwa akisimama jikoni kwake. "Waambie, kuna chungwa linaungua!"

Halafu kakaa. Kagusa pua kwa vidole viwili. "Limepotea. Kitinda, limepotea tena."

Nimempungia Bwana Koleo. Maganda! Tia! Namwonyesha kwa mikono yote, kalamu imeanguka, nimeiokota. Kaelewa. Anayaokota chini ya meza, anatia konzi nzima, moshi unakuja upande wetu.

Simu inaita kwenye mkoba wa Dada. Muuza magodoro. Hakuna anayeipokea. Dada kafumba macho, kanishika goti, kagandamiza kweli, anavuta pumzi —