Pamba Kavu Siishiki

Jumatatu, 4 Machi

Jumatatu tena — siku ya kuvingirisha pamba! Kabla wagonjwa hawajafunguliwa mlango, wauguzi wote wa kliniki tunakaa kuzunguka meza ndefu, tunachana bunda la pamba, tunavingirisha vidonge vya pamba vya wiki nzima na kuwasengenya waliochelewa. Wote isipokuwa mimi. Mimi huwahi kujitwisha kuchemsha vyombo, kupiga deki, hata kusugua sinki la kutapikia. Chochote kinachoniweka mbali na meza ile. Wanafikiri naringa. Bora waseme naringa.

Leo Matroni mpya amekaa nasi, miwani inaning'inia shingoni. Akauliza mbona sikai. Nikasema nachemsha vyombo. Akasema maji hayahitaji kusimamiwa ndipo yachemke. Watu wakacheka. Nami nikacheka, fizi zinaniuma, maana kuna mtu alikuwa anachana pamba nyuma yangu.

Ule mlio! Wenzangu hawausikii? Mdogo, mkavu — kriii — unaingia kwenye meno, unashuka uti wa mgongo mpaka miguuni. Damu nimeizoea. Usaha ndiyo kazi yangu. Maiti nimewaosha kwa mikono hii. Pamba kavu, hapana.

Jumatano, 6 Machi

Matroni amefunga kabati la gozi. Funguo kaweka mfukoni mwake. Amesema kitambaa cha gozi ni cha vidonda, chumba cha sindano kitumie pamba kama dunia nzima. Miaka yote nimekuwa nakata vipande vidogo vya gozi, mgonjwa anabonyezea pale nilipochoma. Hakuna aliyewahi kuuliza. Wamedhani ni usafi wangu tu, nami nimewaacha wadhani.

Basi nimepata akili nyingine. Pamba iliyolowa spiriti hailii. Hiyo naishika kwa koleo, mkono umenyooka, macho ukutani. Ile kavu ya kubonyezea baada ya sindano nimeiweka kwenye kopo upande wa mgonjwa. Jichukulieni wenyewe! Mna mikono miwili.

Mzee wa Kofia anakuja kila asubuhi kwa sindano yake, na kofia haivui hata kwa daktari. Akauliza, binti yangu, siku hizi ni kujihudumia? Ndiyo, Mzee. Akajichotea vidonge vya pamba, kimoja akakitia mfukoni. Eti cha akiba.

Alhamisi, 7 Machi

Chiriku kanishtukia. Muuguzi mwenzangu huyu tulimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo, na macho yake hayako nyuma. Leo amenitilia bonge la pamba mfukoni mwa koti. Nikaingiza mkono kutafuta kalamu — trei nzima ya sindano chini! Nilipiga ukelele, foleni yote ikasimama. Yeye kacheka mpaka kakaa kitako. Nilimwambia akirudia nitamchoma sindano ambayo hakuna daktari aliyeiandika. Akaacha kucheka. Vizuri.

Jioni nimemwambia mume wangu ukweli wote, kwa mara ya kwanza. Kumbe alidhani mito yetu ni ya sponji kwa ajili ya mafua yangu! Akasema, mke wangu, si pamba tu? Nikamjibu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kisha nikasikia nilichosema. Hata methali imenitafutia kilekile! Tumecheka mpaka machozi. Halafu akaharibu: eti kuna wataalamu wa mambo haya. Najua wapo. Nakunywa nao chai kila siku. Nikitaka kupona nitakwenda mwenyewe, si kwa kusukumwa.

Jumanne, 12 Machi

Mikono bado inanuka sabuni. Nimeinawa mpaka imechubuka.

Mzee wa Kofia alipoinuka baada ya sindano akapata kizunguzungu. Akaanguka. Nyusi ikapiga kona ya meza. Damu, tena nyingi, inaingia jichoni. Nikakimbilia kabati la gozi — limefungwa! Matroni yuko mkutanoni na funguo zake. Chumbani hakuna kitu, ila lile kopo.

Nimeishika. Kavu. Fumba zima. Nikabonyeza nyusi ya mzee wa watu, pamba inalia chini ya vidole vyangu, kriii, kriii, na mimi namtukana Matroni kwa sauti mpaka damu ikakata. Mzee ananiambia taratibu, mwanangu, taratibu. Alidhani namtukana yeye.

Halafu nikatapika sinkini. Sioni aibu.

Daktari alipokuja kushona alikuta nyuzi za pamba zimenata kwenye jeraha. Akaanza kuzichomoa moja moja kwa kibano, amenuna. Nani ameweka pamba kwenye kidonda kibichi? Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua! Nikasema ni mimi. Nikamuuliza, na nani amefunga gozi? Akainamia kibano chake.

Jumatano, 13 Machi

Habari imeenea kliniki nzima. Amepona! Ameishika! Wananipiga mabegani. Mfagiaji kanipa mkono wa heri. Nilitamani kutia pamba masikioni — lo, hata msemo sina!

Matroni ameniita ofisini. Kumbe unaweza, amesema. Kumbe ulikuwa unadeka. Jumatatu mimi ndiye nitakayeongoza meza ya pamba, nikae katikati, wenzangu waone. La sivyo, niende masijala nikapange mafaili. Wanahitaji mtu huko.

Nilimwambia mtu akiruka dirishani nyumba ikiungua, huwezi kumwambia kesho aanze kupita dirishani kila siku. Akasema nina mdomo. Ninao. Tena nina mkono mwepesi wa sindano, watoto hapa wanachomwa na mimi kabla hawajakumbuka kulia. Hiyo kazi siachii. Masijala! Mimi!

Kabati la gozi bado limefungwa.

Jumapili, 17 Machi

Mume wangu amenipigia pasi sare bila kuambiwa. Naogopa, ndiyo. Lakini kesho sijifanyi mgonjwa. Liwalo na liwe.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika juu ya friji ya chanjo, nimesimama, mgonjwa akitoka na mwingine akiingia.

Asubuhi walikuwa wamekwisha kaa. Kiti cha katikati kitupu, bunda limewekwa mbele yake, limekwisha chanwa karatasi ya juu. Matroni akasema karibu. Nikabaki nimesimama. Nikasema, Matroni, shikamoo. Kisha nikasema mbele ya wote: naogopa pamba. Siringi, siumwi, simdekei mtu. Naiogopa. Na siendi masijala. Nina wagonjwa.

Mikono yote mezani imesimama. Hakuna aliyecheka, hata Chiriku.

Matroni akasema ukitoka mlango huo utakuwa umekataa amri. Nikatoka. Nimetoka! Nikafungua chumba cha sindano, nikavaa glavu, nikaita wa kwanza. Mtoto wa kuchanjwa surua, mama yake anaogopa kuliko yeye. Hakulia.

Wa tatu alipoingia, Chiriku akaingia nyuma yake. Akavuta stuli, akalikumbatia kopo la pamba mapajani. Usinitazame hivyo, kasema. Wewe choma, mimi nibonyeze. Na ile trei nisamehe, dada. Sikujua ni hivyo.

Nikavuta dawa kwenye bomba. Nikachoma.

Tumekwenda hivyo mpaka sasa. Foleni inatembea. Mzee wa Kofia yumo, nyuzi nyusini, anamweleza kila mtu kwamba mimi nilimtukana na kumwokoa kwa wakati mmoja. Chiriku anageuka dirishani anapochana, nisisikie. Sikumwomba.

Mfagiaji amepita akanong'ona: Matroni amekwenda kumwita Mganga Mkuu wa kliniki, na ameshika barua.

Nasikia viatu kwenye korido. Vya watu wawili. Chiriku ameinua macho, kopo kalikaza. Anauliza tufanye nini.

Nimemwambia aite anayefuata.