Kinga Iliyotundikwa Msumarini

Jumatatu, 4 Novemba. Kitangari

"Kinga ni ya fundi mwoga. Bati lenyewe jembamba kama karatasi, litanifanya nini?"

Maneno ya shemeji yangu Bakari, fundi bati, mume wa dada yangu Somoe. Kayasema asubuhi karakanani kwake, grenda, ile mashine ya kukatia chuma, mkononi. Kinga ya chuma ya grenda hiyo imetundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya kalenda ya zamani.

Upuuzi. Wembe ni mwembamba pia, na hakuna anayeutafuna. Bati nene hutulia likikatwa. Jembamba linatetemeka, linajikunja, linalibana jiwe la kukatia, na mashine inaruka. Inamrukia aliyeishika. Nimeyasoma haya katika vitabu vya ufundi, na leo nimeyaona kwa macho: iliruka nikiwa nimesimama pale pale. Yeye akacheka.

Kinga aliitoa baada ya kununua jiwe kubwa lisiloenea ndani yake. Badala ya kulirudisha jiwe dukani, akaitundika kinga. Ndivyo tunavyofikiri sisi. Kitu kikikataa kuingia, tunabomoa mlango.

Nikamwambia airudishe. Akapapasa hirizi iliyo juu ya kiwiko. "Mimi kinga yangu hii hapa, shemeji. Na haihitaji spana."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Ndiye anayenitengenezea mifereji ya paa. Mtaa mzima unataka mifereji kabla ya mvua, na yeye anakata kutwa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeandika kwenye kundi la simu la mtaa. Kwa ukali. Sijui kuandika vingine.

Nimesema: Mnahangaika kukinga maji, miili yenu hamuikingi. Msimu wa kupulizia mikorosho mnajifunga mpaka macho, mtu hajulikani kama ni baba au jini. Salfa, ile dawa ya unga, mnaiogopa. Mkishika grenda mnavaa kandambili na kaptula, cheche zinawaruka usoni, mnakunja jicho moja mkidhani kope ni chuma. Vaeni chochote mlicho nacho. Chochote ni bora kuliko ngozi tupu.

Sentensi ya mwisho niliipenda. Niliisoma tena kwa sauti.

Majibu yakaja. Kuna wanaoniita Mama Kauthari, kuna wanaoniita Mwalimu. "Mama Kauthari kapata kesi mpya." "Mwalimu, basi bati tulikate kwa dua?" Wajinga. Nimewajibu wote, mmoja mmoja.

Jioni Somoe akapiga simu. Kila siku anamtoa mumewe vumbi la chuma jichoni kwa ncha ya kanga. Anaogopa. Mikono ile ndiyo inayolisha nyumba, hakuna mwingine. "Endelea kumsema, mdogo wangu. Mimi hanisikii."

Alhamisi, 7 Novemba

Kioski cha maji kimekauka tena. Nimebakiwa na ndoo mbili.

Nimepita karakanani. Nilimshika Bakari pabaya safari hii. Nimemwambia bati lililokatwa kwa grenda linaungua rangi na zinki ukingoni, linaota kutu, na mifereji yake itavuja watu wangali wanamsifu. Ana mkasi wa bati, mzuri, wa marehemu baba yake. Unakata safi, hauungui kitu. Anasema unachosha kiganja.

Hakunijibu kwa mzaha. Aliinama akapitisha kidole kwenye ukingo alioukata. Nilifurahi.

Jumamosi, 9 Novemba

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Alikuja kwangu saa nne kumalizia mifereji. Watu walikuwa wanamfuata kwa kelele tangu barabarani. Kavaa ovaroli la kupulizia salfa, lile la msimu, limekakamaa kwa unga wa manjano. Miwani ya salfa usoni. Kitambaa puani. Akasimama uani kwangu, akapiga saluti.

"Mama Kauthari! Nimevaa chochote."

Nilicheka. Nimeandika, na naandika tena: nilicheka. Nikadhani nimeshinda.

Kinga ya grenda ilibaki msumarini. Mkasi haukuja. Aliweka bati juu ya matofali mawili, akalikanyaga kwa mguu, akawasha. Cheche zikamwagika tumboni mwake. Ukatoka moshi. Nilidhani ni rangi ya bati. Kisha harufu, ile inayokaba koo. Moto wa salfa mchana hauonekani vizuri, ni bluu hafifu tu. Yeye mwenyewe hakuuona. Aliusikia kwenye ngozi.

Akaachia mkono wa kushoto, akajipiga tumboni kuuzima. Grenda ikabaki kwenye mkono mmoja. Bati likatetemeka, likalibana jiwe. Mashine ikaruka, ikakikata kifundo cha mkono ule ule wa kushoto.

Nikammwagia ndoo zote mbili. Jirani akachomoa waya. Tukamfunga mkono kwa kanga yangu, tukaenda hospitali Newala kwa gari la mwenye duka. Somoe tulimpitia njiani. Hakulia. Alikuwa anamkohoza mumewe kama mtoto, anampigapiga mgongoni.

Jumapili, 10 Novemba. Newala

Kaungua tumbo na kifua, si kwa kina. Kikohozi kinapungua. Mkono ndio tatizo. Kano zimekatika. Wanamhamishia Masasi.

Jumanne, 12 Novemba. Kitangari

Kundi la simu limejaa pole. Katikati ya pole, huyu: "Mwalimu ndiye aliyemvalisha."

Niliandika jibu refu. Kwamba sikumwambia avae salfa. Kwamba kinga ingekuwa mahali pake, mkono ungepona hata kama nguo ingewaka. Kwamba kukanyaga bati kwa mguu si kulibana. Kila hoja ni ya kweli.

Nimelifuta. Niliandika "chochote". Nilijua salfa inawaka, nimelisoma hilo tangu shuleni, na mtu alipokuja amejipaka kiberiti mwili mzima nilimwona kichekesho. Ovaroli liko kila nyumba hapa. Ungemwambia mkulima wa korosho avae chochote cha kujikinga, angechukua nini kingine?

Chochote si bora kuliko ngozi tupu. Sentensi yangu ni ya uongo kama ile ya Bakari ya fundi mwoga.

Ijumaa, 15 Novemba. Masasi

Nimemwona. Kakonda. Mkono umefungwa mpaka kiwiko. Hirizi wameikata walipomwandaa kushonwa, iko kwenye mfuko wa nailoni kando ya kitanda.

Nilimwamkia, nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Akaniwahi.

"Shemeji, ule mkasi. Unashikwa na mkono wa kulia, eti?"

"Wa kulia."

"Na bati unalishika na upi?"

Somoe akageukia dirishani.

Vidole viwili vya kushoto havitakunjika tena, daktari kasema. Cha tatu watakiangalia. Bakari anasema ataujaribu mkono kwenye kazi ndogondogo. Hakuna kazi ndogondogo kwenye bati. Anajua. Najua anajua.

Jumatano, 20 Novemba. Kitangari

Mvua ya kwanza. Imeanza alfajiri, haina upepo.

Mfereji wangu umeishia katikati ya paa, pale alipofika. Maji yanakusanyika vizuri, yanakimbia, yanafika mwisho wa bati, yanamwagika chini. Ukingo wa mwisho tayari una mstari wa kutu, mwembamba, rangi ya chai.

Jana Somoe aliniletea ile kinga kutoka msumarini. Ipo mezani, ina utando wa buibui ndani. Haina hata mkwaruzo.

Sina la kubishana leo. Nimechukua kipande cha bati na rangi, nitaandika maneno haya nikitundike getini, kwa ajili ya mtu mmoja tu:

Wewe fundi utakayekuja kumalizia mfereji huu. Njoo na mkasi. Ukija na grenda, ije imefungwa kinga yake na jiwe la saizi yake. Bati langu ulilaze juu ya mbao, ulibane kwa klempu pande zote mbili, mguu wako ubaki ardhini. Viatu vya kufunika. Miwani ya fundi. Nguo nzito ya pamba, ambayo haijawahi kuingia kwenye mikorosho. Ukikosa kimoja, rudi kwako salama.

Mimi nitaendelea kukinga maji kwa sufuria.