Mume Wangu Amewaahidi Wagombea Wote Wawili

Mpendwa Shangazi Thora,

Naomba msaada wako, na kama ni kucheka basi cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma, maana mimi kucheka kumenishinda na kulia nako nimechoka.

Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mume wangu Orlin ni mkulima wa ngano na soya, na ni mbunge katika bunge la jimbo letu, mtu mpole, hanywi, hafoki, Jumapili ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka kanisani, ila ana ugonjwa mmoja ambao huku kwetu hatuuiti ugonjwa, tunauita malezi mazuri: hajui kusema hapana. Nyumbani tuna mashine tatu za kufyonza vumbi kwa sababu wachuuzi watatu walibisha hodi, na mwaka juzi alikubali kubeba jeneza kwenye mazishi mawili yaliyopangwa saa ileile, makanisa mawili tofauti, akaenda kote kuwili anahema, na wafiwa wote wakamshukuru.

Sasa kama unavyojua, uchaguzi wa mwezi huu umekipa chama chetu wingi bungeni baada ya miaka ishirini na miwili ya kukaa pembeni na kupigiwa kelele, na wingi wenyewe ni wa kiti kimoja, thelathini na wanne kwa thelathini na watatu, na kiti kilichokuja kuamua, Shangazi, baada ya kura kuhesabiwa mara ya pili, ni cha Orlin wangu. Lakini Orlin hakukishinda yeye. Mwezi Septemba alikuwa kitandani amewekewa nyonga ya bandia, na aliyezunguka wilaya nzima akibisha mlango kwa mlango, kwenye matope na baadaye kwenye theluji, akiumwa na mbwa wa watu, ni dada yangu LaVonne, ambaye ana wilaya yake mwenyewe ya kuhangaikia. LaVonne ndiye aliyekiongoza chama chetu miaka yote tulipokuwa wachache, aliacha kazi yake ya duka la dawa kwa ajili hiyo, na sasa tumeshinda anataka uspika, na nani wa kumnyima?

Alikuja jikoni kwangu siku mbili baada ya matokeo, hakuvua hata buti.

"Shemeji," akamwambia Orlin, "mimi na wewe hatuzungukani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi chama kinachagua spika wake. Ninaye Orlin au sinaye?"

"Ah, shemeji, na hilo nalo ni la kuuliza? Tuko pamoja," akasema mume wangu, na dada yangu, ambaye hata mama yetu tulipomzika hakudondosha chozi, aliketi kwenye kiti changu akalia, nikalia na mimi, Orlin naye akatukatia keki.

Siku ya tatu yake akaja Kermit Dahlseng. Huyu ndiye mgombea mwingine, kijana wa miaka arobaini na tano mwenye meno mazuri, hakuingia ndani, waliegemea gari lake uani kama wanaume wa huku wafanyavyo wakitaka kusema jambo bila kutazamana, nami nikawapelekea pai ya maboga kwa sababu mgeni ni mgeni, na ndipo nikasikia.

"Orlin ndugu yangu, kamati ya kilimo inataka mwenyekiti anayejua trekta linavyowashwa. Si wale wanaolijua kwenye kalenda tu."

"Hilo ni kweli, Kermit."

"Halafu na hiyo nyonga yako! Januari, barafu imeganda, unatembea kutoka uwanja wa nyuma? Mwenyekiti anapewa nafasi ya kuegesha hatua chache tu na mlango, tena ina umeme wa kupashia injini joto isigande."

"Ina umeme?" akauliza mume wangu, na Shangazi, sauti hiyo mara ya mwisho niliisikia aliponiposa.

"Ina umeme. Basi uko na mimi?"

"Mimi sioni tatizo," akasema Orlin.

Kermit akala pai vipande viwili, akanisifu, akaondoka. Nilimshika Orlin palepale uani, nikamwambia, "Wewe mzee, umemwahidi nani?" Akasema wote, ila kwa namna tofauti. Nikamuuliza namna tofauti vipi. Akafikiri kweli kweli, kisha akasema, "LaVonne nilimwahidi nikiwa nimekaa." Nikamwambia usinitanie. Akasema, "Kura ni ya siri, Ardis. Walioifanya siri walikuwa na huruma na watu kama mimi." Basi Jumamosi utampa nani? Akasema ataona siku yenyewe karatasi ikiwa mkononi, akaenda kulisha ng'ombe, na ng'ombe tuliwauza miaka minne iliyopita.

Sasa ikawa mbaya zaidi. LaVonne anasema ana kura kumi na nane za uhakika, ndizo hasa anazohitaji, na ya kwanza kuihesabu ni ya shemeji yake. Kermit naye anawaambia watu anazo kumi na tisa. Wabunge wa chama chetu ni thelathini na wanne, Shangazi, na mimi niliishia darasa la kumi na mbili lakini kujumlisha najua. Kwa hiyo waongo wako angalau watatu, wote kwenye chama wanajua hivyo, wanatazamana kwenye ngazi kama watu waliopoteza pochi, na Orlin ananung'unika kuliko wote kwamba siku hizi hakuna watu wa kuaminika. Wale wa chama kingine wanafurahi mpaka wametuletea sanduku la maandazi, kwa sababu inasemekana atakayeshindwa kwa hila anaweza kuchukua hasira yake akavuka nayo upande wa pili, mtu mmoja tu, na ule wingi tulioungoja miaka ishirini na miwili utakuwa umedumu wiki tatu.

Na Alhamisi, siku mbili kabla ya kura, ni Sikukuu ya Shukrani, na bata mzinga mwaka huu tunamlia kwa LaVonne. Nyumba yake iko ng'ambo ya shamba letu, taa ya jikoni kwake naiona nikiwa naosha vyombo. Desturi yetu kila mtu mezani anataja anachoshukuru, na jana amenipigia simu akasema, "Mdogo wangu, mwaka huu mimi nitamshukuru Orlin, mbele ya watoto wote, kwa sababu wengine wote lazima niwapigie mara mbili mbili kuwakumbusha, yeye peke yake ndiye sijampigia." Nikamwambia nitaleta viazi.

Shangazi, nikimwambia dada yangu nimemvua mume wangu nguo. Nisipomwambia, dada yangu atavuliwa Jumamosi mbele ya chama kizima, ana miaka sitini na sita, hii ndiyo nafasi yake ya mwisho, na ataanguka akiwa amemshikilia Orlin. Nampenda mume wangu. Dada yangu ndiye aliyenilea. Nifanyeje?

Ni mimi,
Niliyebanwa Kati ya Meza na Kitanda

*

Wewe Uliyebanwa,

Pole mama. Pole ya kweli, kwa sababu najua mlivyolelewa huko, mimi mwenyewe nimelelewa huko, mahali ambapo mtu akikukanyaga mguu wewe ndiye unayeomba radhi. Pole nimeshakupa. Sasa tuongee.

Kwanza acha kuniambia mumeo ni mpole. Mtu asiyeweza kukataa si mpole, ni mwoga anayependa kupendwa, na wanaolipa gharama ya kupendwa kwake ni wengine. LaVonne ameumwa na mbwa kwa ajili yake. Yeye ameumwa na nini? Alimpa ahadi shemeji yake Jumatatu, Alhamisi akaiuza kwa waya wa umeme. Waya wa umeme unauzwa madukani, mama, wa mita thelathini, rangi ya machungwa. Mnunulie.

Pili, nimecheka, samahani, sikuweza kujizuia. Wabunge thelathini na wanne wametoa ahadi thelathini na saba. Na hawa ndio watakaotupangia bajeti!

Lakini sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mnapokosea nyote, wewe, Orlin na hao waongo wenzake wawili ambao bila shaka wake zao nao wanaosha vyombo bila kusema neno. Mnadhani mkimwambia LaVonne ukweli mtamuumiza. Mama, huyo ni mwanasiasa. Ameishi miaka ishirini na miwili akihesabu kura zisizotosha. "Hapana" hazimuui, amekula nyingi kuliko viazi ulivyokula wewe. Kinachomuua ni "ndiyo" ya uongo. Akijua leo kwamba ana kumi na saba, ana siku tatu za kutafuta ya kumi na nane, atapiga simu, atabisha mlango, kazi hiyo anaiweza kuliko Orlin yeyote. Akijua Jumamosi saa tano, karatasi zikiwa zimeshafunguliwa, hana cha kutafuta isipokuwa koti lake. Mumeo ana haki ya kumchagua Kermit, na pengine Kermit anafaa, sijui, meno yake nimeyaona. Hana haki ya kukaa mezani kwa mwanamke, akashukuriwa mbele ya watoto, akaomba aongezewe mchuzi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpe Orlin mpaka kesho, kabla bata hajaingia tanurini. Apige simu mbili, moja kwa LaVonne na moja kwa Kermit, na kwenye moja kati ya hizo aseme neno "hapana". Asiseme "tutaona". Asiseme "sioni tatizo", kwa sababu ninyi na mimi tunajua huko kwetu hicho ni kiapo. Kama neno halitoki, mwandikie kwenye karatasi alisome. Akikataa, basi vaa buti zako, vuka shamba, umwambie dada yako mwenyewe: "LaVonne, Orlin usimhesabu." Maneno matatu. Mumeo atanuna. Atanuna mpaka Pasaka, na atanuna kimyakimya, kwa adabu, akikushukuru kwa kila kikombe cha kahawa. Utaishi. Umeishi naye mpaka leo.

Nimekuona unapumua. Usipumue bado, maana nina neno lako wewe.

Unasema taa ya jikoni kwa dada yako unaiona ukiwa kwenye sinki. Ulikaa chini, ukaandika barua ndefu kiasi hiki, ukaibandika stempu, ukaipeleka posta ya mjini, yote hayo ili usivuke shamba moja. Amekupigia simu mwenyewe, mlango ameufungua yeye, na wewe ukamwambia utaleta viazi. Sasa niambie, wewe na Orlin mnatofautiana wapi? Yeye hawezi kusema hapana, wewe huwezi kusema chochote. Hukuniandikia nikushauri, mama. Ulishajua la kufanya kabla hujachukua kalamu. Uliniandikia ili mimi nikamwambie, mikono yako ibaki safi.

Haya basi. Nimemwambia.

Majina nimeyabadilisha yote, kama ilivyo kawaida ya safu hii. Lakini katika jimbo letu mbunge mwenye nyonga ya bandia, aliyeshinda kwa kura kuhesabiwa mara mbili, mwenye shemeji anayetaka uspika, ni mmoja. Gazeti la Jumatano linaanguka mlangoni alfajiri, na wanasiasa wanalianzia huku nyuma kwenye barua kabla ya kurasa za siasa, wanajua ukweli uko wapi. Kermit naye analo mkononi, na ninamshauri ahesabu upya. Wewe ukifika hapa nilipo, dada yako ameshapita.

Kwa hiyo simu ikilia asubuhi hii, ipokee wewe. Mwite dada, mwombe radhi, mwambie yote. Na hata akilia, hata akitukana, hata akisema anataka kumsikia Orlin kwa masikio yake, usimpe Orlin hiyo simu. Atamwambia yuko pamoja naye.

Shangazi Thora