Kumfundisha Sista Paskalia Kusema

Jumatatu, 6 Mei

Darasa la mameneja, nawafundisha kujibu waandishi wa habari, ukumbi wa kukodi hapa Kawe. Tisa, wote na tai. Kila mmoja dakika tatu mbele ya kamera na swali moja tu: kwa nini wateja wenu wanalalamika? Nikatega saa yangu ya jikoni. Wa kwanza alimshukuru Mwenyezi Mungu, akanishukuru mimi, akaushukuru uongozi wa kampuni kuanzia mkurugenzi kushuka chini, akasema itifaki imezingatiwa, akakohoa. Saa ikalia. Swali lilikuwa bado linamsubiri. Wenzake walimcheka, kisha nao wakafanya vilevile.

Ndiyo maana ubaoni kwangu kanuni ya kwanza ni SALAMU TUPA. Ya pili, TUHUMA USIITAJE. Ya tatu, MAMBO MATATU, BASI. Miaka ishirini na miwili nimesoma habari redioni. Nimeona watu wazima na digrii zao wakizama kwa sababu ya shukrani.

Mpaka saa nane walikuwa wanajibu kwa sekunde ishirini. Nimejisifu mwenyewe nikiosha vikombe. Nyumbani hakuna wa kunisifu, nimeshajizoesha.

Jumanne, 7 Mei

Simu kutoka Kibamba. Daktari Murtaza, mwenye zahanati ndani kidogo ya Barabara ya Morogoro. Ameachiwa na baba yake. Mpole sana, kila sentensi inaanza na "samahani mama".

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Boksi la dawa za watoto kwenye korido ya zahanati yake, tarehe zimepita, na sauti ya mwanamke: "Hizi ndizo wanazowapa watoto wetu." Nimeitazama mara nne. Haifiki hata nusu dakika na imeshaua jina la miaka arobaini. Imepigwa vizuri, lazima niseme.

Tangu itoke, kina mama hawaji. Siku ya kliniki benchi lilikuwa tupu. Kuna watoto wamepitisha tarehe za chanjo. Ndicho kinachomuumiza zaidi, na nimemwamini.

Jumatatu ijayo redio imewaita kwenye kipindi cha asubuhi, moja kwa moja hewani. Yeye hataki kwenda. Anasema watu wataona tajiri anatetea mali yake. Anamtuma muuguzi mkuu, nimfundishe. Nimekubali kabla hajamaliza. Kazi ya kuonyesha nilivyo hii, siyo mameneja wa tai.

Alhamisi, 9 Mei

Kibamba. Mvua za masika hazijaisha, tope mpaka kwenye kifundo. Viatu vyangu vizuri nimeviua.

Muuguzi mkuu, Sista Paskalia, ni wa umri wangu, mtu wa Newala, mfupi, mikono mikubwa. Korido nzima anaisalimia. Mlinzi anamsalimia, muuza mihogo ng'ambo ya barabara anamsalimia, mbuzi tu ndiye amemruka. Nilisubiri dakika kumi tuvuke kutoka getini mpaka ofisini kwake.

Nikamtaka aniambie ukweli wote kwanza. Dawa zikipita muda zinatengwa stoo, zinaandikwa, zinasubiri kibali cha kuteketezwa. Stoo ikavuja. Wakatoa kila kitu kukiokoa na maji. Boksi likakaa koridoni siku mbili, na karatasi ya ZISITUMIKE ikalowa, ikabanduka. Hakuna mtoto aliyepewa hata kidonge. Daftari la dawa lipo, nimelisoma mstari kwa mstari.

Nikauliza nani aliliweka koridoni.

"Mie, dada. Kwa mikono hii."

Daktari Murtaza akasema hilo lisitoke nje ya ofisi. Ukisema boksi lilikuwepo, umekiri. Nikamuunga mkono. Kanuni ya pili.

Mazoezi yalikuwa msiba. Kamera ikiwaka anapandisha mabega na kuongea kama anasoma tangazo la hospitali. Nimemwandikia mambo matatu: zahanati inazingatia viwango, usalama wa mtoto ndio kipaumbele, wazazi wawe watulivu. Nimemkataza shukrani na salamu.  Akasema sawa.

Ijumaa, 10 Mei

Aibu.

Kijana wa televisheni ya mtandaoni amefika getini kwao bila taarifa, na simu yake na kipaza sauti. Sista Paskalia akatoka na kufanya kila nilichomfundisha. Kila kitu. Nimeitazama nikiwa nimesimama jikoni, chai ikapoa.

Nje ya geti, pembeni, alikuwa amekaa Bi Sikujua, bibi wa pale mtaani, mkunga wa zamani. Sista amempita bila shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye kamera. Kijana akauliza, boksi lilikuwa koridoni au halikuwa? Akajibu zahanati yetu inazingatia viwango. Akaulizwa tena. Zahanati yetu inazingatia viwango. Mara ya tatu vilevile.

Chini ya video wameandika mengi. Nililolisoma zaidi ni hili: "Sista Paskalia tunamjua, leo hata bibi hamsalimii. Kuna kitu wanaficha."

Kwanza nilimkasirikia yeye. Nikasema kasuku ana uhai zaidi. Baadaye nikakumbuka maneno yale aliyatoa wapi. Yalikuwa yangu, hata pumzi ya katikati ilikuwa yangu. Nilimpigia simu nikitafuta namna ya kusema samahani, nikaishia kumwambia aje Jumapili tufanye mazoezi zaidi. Ndivyo nilivyo. Sijivunii.

Jumapili, 12 Mei

Amekuja Kawe akitoka misani, na kitenge chake cha Jumapili. Nilikuwa nachambua mchele. Hakusubiri kualikwa. Akauchukua ungo mikononi mwangu, akakaa kwenye mkeka, vidole vikaanza kazi. Mimi mwenyewe nilibaki na kamera, sina la kufanya.

Nikamuuliza tu, kwa kupitisha muda, watoto wanaoogopa sindano anawafanyaje. Akajibu bila kuinua macho. Mabega yalikuwa chini.

"Mie simwambii haiumi. Ukimdanganya atakaa mara moja tu. Mara ya pili akiliona koti jeupe, kelele tokea getini. Namwambia itauma kidogo, hesabu mpaka tatu. Atalia, lakini anarudi."

Punje moja moja, pumba huku, mawe kule. Aliongea hivyo karibu saa nzima. Kuhusu kina mama wanaoficha homa ya mtoto kwa kuogopa kugombezwa. Kuhusu stoo, alivyoomba bati mara mbili na mara mbili akasahau kukumbushia. Sauti ilikuwa ile ambayo redioni tulikuwa tunaitafuta miaka na miaka na kuwakosa watu wenyewe.

Nikazima kamera. Nilijua nimesikia kitu. Na bado, alipoinuka kuondoka, nimempa karatasi ya mambo matatu, nimeichapa upya kwa herufi kubwa. Akaikunja vizuri, akaitia kwenye pochi, akaniambia ahsante dada. Miaka ishirini na miwili haitoki kichwani kwa ungo mmoja wa mchele.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepima presha kabla ya kuandika. Iko sawa.

Studio. Mimi na Daktari Murtaza nyuma ya kioo. Saa ya jikoni mkobani. Sista Paskalia ndani, visikizio vimembana kilemba. Karatasi haikutoka kwenye pochi. Nilisubiri itoke. Haikutoka.

Mtangazaji akafungua kwa kishindo, akauliza boksi. Yeye akaanza na salamu.

"Shikamooni wazazi wangu wa Kibamba. Wadogo zangu, hamjambo. Bi Sikujua, Ijumaa nilikupita pale getini kama sikujui. Shikamoo bibi, nisamehe."

Sekunde kumi na moja. Nimezihesabu, siwezi kujizuia. Nilikasirika kweli, nikagonga kioo kwa kucha. Hakugeuka.

"Sasa nitasema jambo, na litawauma. Boksi lilikuwa koridoni. Nililiweka mie."

Daktari Murtaza alishika kichwa. Mimi sikushika kitu, nilisahau nina mikono. Akaeleza stoo, maji, karatasi iliyobanduka. Maneno ya nyumbani, hakuna viwango wala kipaumbele. Mtangazaji akaona kitoweo: kwa hiyo unakiri uzembe? Akasema anakiri. Lile boksi alipaswa kulifungia ofisini kwake, hakulifungia. Lakini hakuna mtoto aliyepewa, na daftari lipo mezani, anayetaka aje alisome.

Zikafunguliwa simu. Wa kwanza mama mmoja, amefura. Mwanawe alitibiwa pale wiki ileile. Akataka kutaja alikuwa na nini, Sista akamkatisha.

"Usiutaje ugonjwa wake hapa, mama, watu wote wanasikia. Chupa mliyopewa bado unayo? Nenda kaitazame chini, tarehe imeandikwa. Tunakusubiri."

Mama akaenda. Redio nzima ikabaki kimya. Ukimya hewani ni dhambi, hilo tumefundishwa kabla ya kufundishwa kushika kipaza sauti. Mtangazaji akafungua mdomo aujaze. Sista Paskalia akainua kiganja chake kile kikubwa, kama anavyomzuia mtoto asitikisike. Mtangazaji akafunga mdomo. Tukasikia mlango, sufuria, kuku. Nilikuwa naomba. Kama kungekuwa na kosa moja tu siku ile, mkono mmoja uliochanganya chupa, zahanati ingefungwa hewani mbele ya kila mtu.

Mama akarudi. Akasoma tarehe polepole, mwezi halafu mwaka. Bado ilikuwa na mwaka mzima na zaidi. Akaguna. Akauliza kliniki ni siku gani.

Nililia. Fundi mitambo akanipa karatasi za chooni, ndizo zilizokuwepo. Nimewahi kusoma habari kubwa za nchi hii kwa sauti isiyotikisika, na leo nimelia kwa sababu mwanamke wa Newala hakunisikiliza. Nimejivuna mpaka kifua kimeuma. Nikajiuliza najivunia nini, maana hakuna hata neno moja lililokuwa langu. Bado sijajibu, na kifua bado kimejaa.

Jumanne, 14 Mei

Daktari Murtaza amepiga.  Leo anasema usiku alitazama picha ya baba yake iliyopo mapokezi na kukumbuka kuwa mzee naye alikuwa hivyo, anamwambia mgonjwa ukweli kisha anamkaribisha chai. Ameagiza bati. Amesema "samahani mama" mara mbili tu, nadhani amepata nafuu.

Wamekuja watu watatu kusoma daftari. Bi Sikujua mmoja wao, hajui kusoma, amesomewa na mlinzi. Kina mama bado. Nina wasiwasi.

Alhamisi, 16 Mei

Siku ya kliniki. Sikuvumilia, nimepiga mwenyewe saa nne asubuhi. Sista Paskalia hakupokea. Nimepiga tena. Hakupokea. Nikaanza kuandaa maneno ya kumfariji.

Saa tisa ndiyo akapiga. Samahani dada, sikuwa na mkono wa kushika simu. Nyuma yake vilio vya watoto, wengi, juu kwa chini. Sijawahi kusikia kelele nzuri kama hizo. Nimewaambia majirani wote. Mama wa duka la pembeni nimemwambia mara mbili.

Jumatatu, 20 Mei

Darasa jipya, maofisa wa shirika fulani. Kabla hawajaingia nimesimama mbele ya ubao na dasta. Kanuni ya pili nimeifuta. Ya tatu nimeiacha, ni nzuri. Ya kwanza imenigomea. Mwishowe nimeandika: SALAMU, SEKUNDE KUMI NA MOJA.

Mmoja akauliza kwa nini kumi na moja, siyo kumi. Nikamwambia ni matokeo ya utafiti.

Kwenye meza nimeweka ungo mmoja na kilo ya mchele. Wakatazamana. Mkurugenzi wao alikataa, akasema yeye siyo mpishi. Baada ya chai alikuwa anachambua kuliko wote, na ndipo akaanza kueleweka.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekanyaga msumari uani, mguu wa kulia. Zahanati zipo hapahapa Kawe. Nimekwenda Kibamba.

Nimekaa kwenye benchi na foleni kama watu wengine. Benchi la mninga, limelainika kwa kukaliwa. Mbele yangu akina mama watano, mmoja ananyonyesha. Stoo ina bati jipya, linang'aa. Hakuna aliyenijua. Waliongea bei ya nyanya na mvua iliyokatika.

Zamu yangu ikafika. Sista Paskalia hakushangaa kuniona. Alinisalimia, akauliza mguu, akauliza nyumbani, akauosha taratibu. Karatasi yangu ya mambo matatu nimeiona sakafuni, imekunjwa mara nne, imewekwa chini ya mguu wa meza usiyumbe.  Meza imetulia vizuri.

Akachukua sindano ya pepopunda, akaniambia itauma kidogo, nihesabu mpaka tatu.

Nikahesabu. Iliuma kwenye mbili.