Aabo, Shule Yetu Tumeigawa

Mpendwa Aabo, baba yangu,

Ungekuwa hai ungenicheka. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia ukiuza ng'ombe sokoni Garissa tu, kwa sababu nataka wazazi wote wa shule yetu hapa Waberi waisome barua hii, hata walionikasirikia leo.

Shule imefurika. Mtoto anaweza kukaa nyumbani wiki nzima na asitokee wa kumuulizia. Mwalimu mkuu, mama mmoja kutoka bara, akaja na wazo: tuigawe iwe shule ndogo nne ndani ya ua mmoja, kila moja na walimu wake, ili kila mtoto awe na mtu anayemjua kwa jina. Mimi, mmoja wa walimu hao, nilifurahi sana. Kisha adeer, mdogo wako, akaja kwangu kunywa chai, na kabla haijapoa akasema, "Watoto wa ukoo wetu wakae kwako. Wewe ni wetu." Kumbe kila mwalimu alikuwa ameletewa ombi kama hilo. Siku koo zikikosana huko malishoni, sisi tutakuwa tumeshawapanga watoto tayari kwa ugomvi. Nilikosa raha, Aabo. Nikikaa sikai, nikilala silali.

Nikakukumbuka kule Kotile. Kiangazi kikikaza uliligawa kundi, na ng'ombe wazuri ukawapeleka kwa rafiki yako wa ukoo ule mwingine, ambao adeer hautaji bila kutema mate. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Anayekunywa maziwa ya ng'ombe wangu hataniombea mabaya." Nikaona hakuna mtu mwenye akili kukuzidi. Halafu mwana wa rafiki huyo huyo akaleta posa ya kunioa, ukakataa. Nilipolia ukaniambia tu, "Ng'ombe hurudi, binti harudi." Nimeolewa vizuri, simlalamikii mume wangu, lakini neno lile linanichoma mpaka leo. Uliijua dawa, ukaogopa kuinywa.

Leo kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikasema watoto wachanganywe. Kelele zikapanda. Mzee mmoja akaninyooshea bakora.

"Mwalimu, maneno yako ni mazuri," akasema. "Bas, anza na mtoto wako."

Watu wote wakanigeukia, adeer akiwa mstari wa mbele. Nikamtaja Hodan, binti yangu, mjukuu wako ambaye hukumwona. Nikasema ataingia shule ndogo iliyojaa watoto wa ukoo ule ule wa rafiki yako. Wazazi wachache wakafuata na kuwataja wao. Wengi walienda zao wakisema watafikiria.

Adeer alinifuata hadi getini. "Na akiwazoea?"

"Ndicho ninachotaka," nikamjibu.

Tangu hapo sijatulia. Sare ya binti yangu nimeipiga pasi, nikaikunjua, nikaipiga tena. Hodan ananitazama. Ameniuliza, "Hooyo, huko nina nani?" Nikamwambia hana mtu bado. Sikuweza kumdanganya.

Kwa miaka mingi nilidhani ulinikatalia kwa kiburi. Sasa mikono yangu inanieleza vingine. Uliogopa, Aabo. Mimi pia naogopa, ila wangu ataenda.

Mungu akurehemu.

Binti yako uliyemzuia