Wifi Aliacha Vidonge Akabaki na Chai Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu hata kusali kumenishinda. Mimi ni mkulima wa Mella, Tororo, na majina yetu nimeyabadilisha. Tangu wakati wa korona huwa napika chai ya mizizi, tangawizi na binzari na mzizi mmoja mchungu ambao marehemu mama alinionyesha, naosha, naponda, nachemsha mpaka maji yawe mekundu, tunakunywa asubuhi ili mwili uwe na kinga, na watoto wangu mafua yalipungua, nikaanza kuwapa majirani. Wifi yangu Jovia, mke wa kaka yangu Ecodu, alikuwa mwaka wa saba kwenye dawa za virusi vya UKIMWI, mwenye afya kunishinda mimi, na Ecodu ndiye alikuwa anamkumbusha saa ya kumeza. Alipokunywa chai yangu miezi miwili akaniambia, "Wifi, hii inanipa nguvu kuliko vile vidonge, ya nini nijisumbue?" Mimi nilifurahi kusifiwa, nikamjibu, "Mwili ni wako, wewe ndiye unausikia," nikamjazia chupa nyingine. Akaacha vidonge, akawa anavitupa chooni, akaniapisha nisimwambie kaka, na alipoanza kukohoa na kukonda mimi nikazidisha mzizi. Siku Ecodu anamfikisha hospitali, Jovia alikuwa hamtambui tena mumewe. Tumemzika wiki tatu zilizopita, na kaka alisimama mbele ya watu akanishukuru kwamba chai yangu ilimwongezea siku, nikashindwa kuinua kichwa. Sasa Jumapili amekuja jirani yetu Apio, ambaye nilikuwa namkuta kliniki nikimsindikiza Jovia, amebeba jagi, ananiambia, "Nipikie ile ya marehemu, mimi pia nimechoka na vidonge." Nilimdanganya mizizi imeisha. Nikisema ukweli nitampoteza kaka, na ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Nifanye nini?

Agwang, Mella

Agwang, pole kwa msiba. Naisema kwa moyo, kwa hiyo usiisahau ukisoma yanayofuata.

Jovia alikufa kwa sababu aliacha dawa, na wewe ulijua. Ulipenda sifa, ukanyamaza, na alipokonda ukampa mizizi badala ya kumpeleka kwa daktari. Hukumtakia mabaya, lakini siwezi kukuambia huna kosa. Chai ya tangawizi anywe aliye mzima. Haijawahi kuchukua nafasi ya dawa za virusi. Na huo mzizi mchungu, wewe mwenyewe hujui unafanya nini ukikutana na dawa za mtu, basi usimpe mgonjwa tena.

Kwa kaka yako utakwenda. Mwambie yote, na la chooni pia, kabla hajalisikia kwa mwingine. Usimwombe msamaha siku hiyohiyo. Huenda akakaa mwaka mzima bila kukusalimu, na itabidi uvumilie, kwa sababu shukrani aliyokupa makaburini si yako.

Lakini usianze na kaka. Umemwambia Apio mizizi imeisha, naye huenda ameondoka akidhani atapata kwingine. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwake. Mwite pembeni, wasisikie wa nyumbani, umweleze Jovia alikufaje. Ukikuta ameshaacha vidonge usimgombeze. Mpandishe bodaboda, panda nyuma yake, mfike kliniki leo.

Jovia hana haraka tena. Apio anayo.